Pini ya akina Dufour

Hebu mwone kwanza papa Polycarpe Dufour anavyoingia ukumbini pale Saint-Gilles, Brussels: amevaa koti la harusi, kwapani amekumbatia sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kitambaa. Nyuma yake anakuja binti yake Larissa, mwendo wa mtu asiyemfahamu.

"Papa, ni réunion ya jina tu. Hakuna muntu aliomba sombe."

"Muntu anaendaka kwa bandugu mikono mitupu? Bon, shika mulango."

Hao ndugu Polycarpe hajawahi kuwaona. Walimwandikia kila Dufour wa Brussels waliyempata, wenye jina hilo wakutane, na barua moja ikafika Evere, mtaa anakoishi. Jina alilirithi kwa babu yake Éloi, na Éloi alipewa na mwokaji mikate Mbelgiji wa Likasi, kule Katanga, Kongo, aliyemfundisha kazi. Polycarpe husema lilitolewa kwa mapenzi. Larissa husema labda mzungu alishindwa tu kutamka lile la Kiluba.

Mwenyeji wao, bibi Sidonie Dufour, alisimama mbele ya ramani ya Ufaransa na Ubelgiji akaeleza. Zamani kijiji kizima kilioka mikate kwenye tanuri moja, na aliyelitunza akaitwa mtu wa tanuri, Dufour. Matanuri yalikuwa mengi, kwa hiyo koo nazo ni nyingi. Leo kila ukoo utachomeka pini moja, pale alipozaliwa mzee wao wa kwanza wanayemjua, kisha ramani itapigwa picha iwekwe kitabuni.

Watu wakaanza kujitambulisha. Kijana mmoja mwenye ndevu akasema, "Éloi Dufour, wa Namur."

Polycarpe akainuka. Kwao Katanga, abebaye jina la babu yako ndiye babu yako, hata kama kazaliwa juzi, na babu hutaniwa.

"Kambo," akamwita, yaani babu, kisha akaendelea kwa Kifaransa, "mimi mjukuu wako nimekuletea chakula. Wewe miaka yote hii umefuga ndevu tu?"

Larissa akatazama viatu vyake, halafu akaona afadhali amweleze kijana: "Unaitwa kama babu yake. Sasa ni mjukuu wako. Mjibu."

Éloi akaitazama ile sufuria. "Ulikuwa unaniibia mikate," akasema. "Nilifuga ndevu kwa mawazo."

Walicheka hata waliokuwa hawajaelewa. Polycarpe akaketi, ametulia kama mtu aliyefika kwao.

Ndipo bibi Sidonie akamkabidhi pini. "Mzee wenu alizaliwa wapi?"

"Likasi, maman."

Ramani ilikuwa imeishia baharini, chini kidogo ya Marseille. Sidonie akapima kwa macho: Likasi ingeangukia ukutani, karibu na sakafu, nyuma ya viti.

"Chomeka Evere," akamshauri kwa upole. "Ukutani haitaonekana kitabuni."

"Papa, weka Evere," Larissa akasema. "Sombe inapoa."

"Donc kambo alizaliwa Evere?"

Éloi wa Namur alishaanza kuvisogeza viti, kimoja kimoja, akapiga goti mbele ya ukuta mtupu. "Mimi ndiye kambo," akasema, "na sijawahi kukaa Evere."

Polycarpe amesimama na pini yake. Akiichomeka juu, Evere, wajukuu wataingia kitabuni bila babu. Akiichomeka chini ukutani, babu atakuwa kwao, na hakuna atakayemsoma. Ingekuwa ni wewe, ungeichomeka wapi?