Piblikasio Tatu za Ndakala

Wakati wa uasi barabara ya Bukavu ilifungwa na chuo chetu hapa Uvira kikakosa hata chaki, lakini barua ya kupima utafiti ilitufikia salama, imebebwa na askari. Watawala wapya walitaka kujua kila asistanti, yaani mwalimu msaidizi, ana piblikasio ngapi, yaani makala ngapi zilizochapishwa. Asiye na mbili kufikia mwisho wa mwezi angefutwa kwenye orodha ya walimu.

Mimi sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa na utafiti wa kurasa kumi na mbili, kwa mkono, juu ya ukaushaji wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Jarida la kuuchapa lilikuwa ng'ambo ya vizuizi vya askari, na wahariri wake, nilisikia, walikuwa wamekimbia.

Katibu wa chuo, ambaye Jumapili ndiye msomaji wa matangazo parokiani Nyamianda, hakuona tatizo.

"Piblikasio? Hiyo tunafanya kila dimanche, Bwana asistanti."

Kwake piblikasio ni majina ya wachumba, yanayosomwa Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Nilicheka. Kisha nikakumbuka orodha, nikampa muhtasari.

Jumapili ya kwanza utafiti wangu ulisomwa baada ya wachumba wawili na kabla ya mazoezi ya kwaya: ndakala wakianikwa mchangani hukauka kwa siku mbili. Hakuna aliyejua kizuizi. Katibu akapiga mhuri wa chuo kwenye muhtasari wangu. Jumapili ya pili, mhuri wa pili. Nilijiona nimepona, ila katibu alikuwa mtu wa kanuni: ni tatu ama si kitu.

Jumapili ya tatu akasimama mama mmoja, mwanikaji wa samaki ufukweni Kalundu.

"Siku mbili? Weye ulianika wapi, mu jiko? Wakati wa mvua iko siku ine!"

Kanisa zima likacheka.

"Ulikuya wakati wa jua, ukakula ndakala yetu, ukaenda kuandika!"

Ilikuwa kweli tupu. Katibu akafunga daftari. "Kuna kizuizi. Mihuri yote imesimama."

Mwezi ulibakiza siku tano. Jumatatu nilikuwa Kalundu, nimechuchumaa kando ya mama yule, nikigeuza ndakala kwa amri yake na kuwafunika kila wingu lilipokaribia. Siku ya nne alimvunja mmoja kwa vidole. Samaki akalia kama kijiti kikavu.

"Sasa andika, mwalimu."

Niliandika kwamba wakati wa mvua ni siku nne. Akaenda mwenyewe kwa katibu kuondoa kizuizi, nami nikapata mihuri yangu mitatu siku ya mwisho. Watawala walinipongeza kwa barua: piblikasio tatu, kuliko asistanti yeyote. Wenzangu wakaamriwa kuiga bidii yangu.

Amani iliporudi nilichapisha katika majarida ya kweli, yenye wataalamu wawili wa kukagua kila makala. Wamenisahihisha koma nyingi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilianika wapi.