Nilisema Alikuja Mikono Mitupu

Nilimwalika mpigaji piano nyumbani kwangu Gatongora, na piano sina. Nasema mapema ili ucheke umalize, maana ujinga huo ndio sehemu nafuu ya habari hii.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na safari yangu ndefu kwa mwezi ni ya kwenda Thika kununua chakula chao. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na muziki ninaoujua ni wa kupiga makofi kwaya ikipita. Lakini kuna harusi moja nilialikwa, kwenye bustani ya hoteli huko Thika, nikamwona mwanamume amekaa mbele ya piano kubwa nyeusi akipiga muziki wa klasiki. Wakwe waliacha kutafuna. Nikaapa kwamba siku ya shukrani ya Mama, akitimiza miaka themanini, huyo ndiye nitakayemleta. Majirani zangu wamezoea DJ. Nilitaka wajue hata mfuga kuku ana ladha.

Sikujiuliza ile piano ilikuwa ya nani. Nilidhani alikuja nayo, kama DJ anavyokuja na spika zake na mtu wa tenti na tenti yake. Nilipompigia alikubali, kisha akanitumia ujumbe mrefu. Niliona unaanza na "Asante sana kwa kunialika," nikasema hizo ni adabu tu, nikamjibu kwa kile kidole gumba. Mwisho wa ujumbe sikufika.

Siku yenyewe alishuka kwenye bodaboda akiwa na suti nyeusi, viatu vinang'aa, na kwapani faili moja ya karatasi za nota. Nilichungulia barabarani nyuma yake nikitarajia pikapu.

"Habari, mama. Piano mmeiweka wapi?"

"Si... si unakuja nayo?"

Alinitazama kama daktari aliyeambiwa aje amebeba wodi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye ndiye hutunza kinanda cha kwaya, alikimbia kukileta. Tukakiweka juu ya meza ya kukatia mboga. Yule bwana akavuta kiti cha plastiki, akapangusa vumbi, akaanza. Kile kinanda kilikuwa kifupi mno kwake. Mkono wa kushoto ulikuwa unashuka kutafuta sauti nzito, unakuta vitufe vimeisha, kidole kinagonga meza. Halafu, katikati ya sehemu tulivu kabisa, kinanda chenyewe kikaanzisha ngoma za nyimbo za sifa za kanisani. Mjomba wangu akaruka kutoka kitini.

"Haiya! Hiyo sasa ndiyo tunajua!"

Tenti nzima ikacheka. Nami nilicheka, nisije nikaonekana ndiye mwenye shughuli. Mpigaji alitafuta pa kuzimia ngoma, akazima, akaanza tena kutoka mwanzo.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi kule Murera. Nilikuwa nimemwalika kwa kujigamba, kwa sababu shule yake ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapigia wanafunzi piano kwenye tamasha lao, na baadaye awafundishe mwaka mzima. Mpigaji alijua mwalimu atakuwepo. Mimi ndiye nilimwambia, na naamini ndiyo maana suti ile ilikuwa imepigwa pasi namna ile.

Muziki ulipofika mwisho, mwalimu akaniinamia.

"Dada, huyu ndiye ulinisifia? Mbona anapigia kitu cha watoto?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, hata darasa la pili wangelisema. Lakini ndugu zangu walikuwa wameketi hapo, na wale waliosema tangu mwanzo tulete DJ walikuwa wametega masikio. Mdomo wangu ukachagua.

"Wacha tu, mwalimu. Alisema ataleta piano, akaja mikono mitupu."

"Aa. Basi mtu asiyejipanga hatufai," akasema, akachukua soda yake.

Mpigaji alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. Muziki ulikuwa umeisha, lakini nilimwona akifunua ukurasa mwingine, akautazama kwa muda mrefu.

Mama ndiye aliyempigia makofi. Alimwita, akamshika mikono yote miwili, akamwambia vidole hivyo vingesuka kiondo vizuri sana. Mpigaji alicheka kidogo. Chakula alikataa kwa upole. Langoni nilijitayarisha kutukanwa, hata nilitamani. Akaniambia, "Asante sana kwa kunialika," akapanda bodaboda.

Asubuhi yake, nikiokota mayai, yale maneno yakanirudia, nikatoa simu. Safari hii nilisoma mpaka chini. Alikuwa ameuliza nina piano ya aina gani. Alikuwa ameandika: "Kama hakuna, nijulishe tu, nina rafiki Ruiru anayekodisha." Na chini yake, kidole gumba changu, kimesimama kwa furaha.

Jirani alipokuja kuchukua kinanda nilimpa simu asome, nikitumaini tutacheka pamoja. Alisoma polepole, kwa sauti, kama tangazo la kanisani. Hakucheka.

"Na yule mwalimu umemwambia?"

"Bado. Aibu ni nyingi, wangu. Nangoja ipoe kidogo, labda wiki ijayo."

Akaweka kinanda chini, akanirudishia simu mkononi.

"Aibu yako ikipoa hiyo kazi itakuwa imepewa mtu mwingine. Piga simu sasa hivi nikiwa hapa. Usipopiga nitapiga mimi, na mimi sitakupamba."