Mpaka Nilioupendekeza Mwenyewe

Nakiri, siku ile nilijiona bingwa. Nilikuwa nimeongoza kamati ya kudai kata yetu igawanywe, maana diwani mmoja alikuwa na vijiji vingi mno na kwetu hafiki. Basi ofisa wa wilaya akaja mkutanoni na ramani kutoka Namanyere. Akatangaza kwamba ombi limekubaliwa, na mpaka wa kata mpya ni kile kijito nilichopendekeza mimi.

Akina mama wakapiga vigelegele, wakanivisha kitenge. Nikahutubia kwa madaha: "Sasa tutamchagua diwani wetu wenyewe."

Bibi Skola, jirani yangu wa zamani, akanyoosha mkono. "Hongera, mwanangu. Lakini wewe si ulishajenga na kuhamia ng'ambo ya kijito?"

Ofisa akaikagua ramani. "Kweli, mzee. Wewe umebaki kata ya zamani."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, nami na kitenge changu shingoni.