Mpiga Pasi Aliyesema Anapenda Ukoko

Saa kumi na mbili na robo jioni, mpiga pasi anaingia jikoni kwake na hakai. Anajua akikaa hanyanyuki. Anavua viatu vyake huku amesimama, anatua mfuko mezani, anawasha jiko la gesi lenye jicho moja na kubandika sufuria kavu, bila tone la mafuta.

"Mama, nimerudi."

"Nimekusikia tangu ngazi ya kwanza," anajibu mama mkwe wake kutoka chumba cha pili, hatua nne tu kutoka jikoni. "Miguu yako ina kelele kuliko mdomo wako."

Mfukoni mna robo kilo ya nyama ya kusaga, pakiti ya tambi, kitunguu kimoja, karoti mbili na pakiti ya maziwa. Saa moja kamili bibi huyu wa miaka sabini na minane lazima ameze dawa ya presha, na tumbo tupu haliiwezi. Mpishi ana dakika arobaini na tano. Huwa anatumia ishirini na tano.

"Zinazobaki ni za kupumua," anasema.

Kazini wanamwita Mama Mvuke. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na miwili amesimama saa tisa kwa siku katika kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Siku ya kawaida hupitisha pasi kwenye mashuka mia moja na arobaini, foronya hazihesabiwi. Vidole vyake vya mkono wa kulia havinyooki vizuri tena, na visigino vyake, kwa maneno yake, vimeshaomba likizo vikanyimwa.

"Shuka halina adabu," anasema. "Ukilinyoosha huku linajikunja kule, kama mtoto wa kudeka. Na huwezi kulichapa."

Mshahara wake una milango mitatu ya kutokea, yaani kodi, nauli na dawa za mama. Kilichochelewa kutoka ndicho huenda sokoni. Ndiyo maana ananunua nyama ya kusaga.

"Robo ya vipande ni vipande vitano, tena vinaonekana, unaona hata aibu kuvigawa. Ya kusaga inatawanyika. Kila tambi inapata habari zake."

Nyama inaanza kulia kwenye sufuria. Mafuta yake yenyewe yanatoka, na humo ndimo kitunguu kinamoingia, kisha karoti za kukwaruza, chumvi na pilipili manga. Kikishalainika, ananyunyiza kijiko kikubwa cha unga wa ngano na kukoroga mpaka unga usionekane. Anamimina maji vikombe vitatu. Yakichemka anavunja tambi kwa mkono na kuzitupia humo humo, maana sufuria ya pili ni ya kuoshwa na nani?

Maziwa ni ya mwisho, na kwa hayo hana haraka. Mara ya kwanza alipopika chakula hiki aliyamimina ya baridi kwenye moto mkali, juu ya nyanya, yakakatika vipande vipande. Mama mkwe aliichungulia sahani kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu, hizi ni tambi au umenipikia mawingu ya mvua?"

Aliyemsaidia ni mkunjaji mashuka, shoga yake wa kazini. Alimwambia aache nyanya, azime moto kwanza, ayatie maziwa kidogo kidogo huku anakoroga. "Maziwa hayapendi kushtuliwa," alisema mkunjaji. "Kama wewe ukitoka zamu."

Tangu hapo mchuzi wake hutoka mzito, mweupe na laini, wa kuteleza wenyewe kooni. Ulaini huo ndio uliotafutwa. Mama mkwe amebakiwa na meno sita, na kama asemavyo mwenyewe, hakuna hata mawili yanayosalimiana.

Wanawake hawa wawili wanaishi peke yao. Mume wa Mama Mvuke, fundi bomba, alifariki miaka sita iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hawakujaliwa mtoto. Majirani walitarajia mjane afungashe virago.

"Waliniambia ndoa imekufa na mwenyewe," anakumbuka. "Nikawauliza, na mama naye kafa?"

Akabaki. Wakazoeana kama kidole na pete, ingawa pete yenyewe inabana. Wanataniana, wananuniana, wanapatana kabla maji ya kuoga hayajachemka.

Shida ilianza mwaka huu. Kila mwezi Mama Mvuke humpeleka mama mkwe zahanati, na kila mwezi mizani ikawa inashuka. Kilo hamsini na moja. Kilo hamsini. Kilo arobaini na tisa. Habari zikamfikia wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, anayeishi mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

"Wifi, sikulaumu," alisema kwenye simu. "Wewe ni mtu wa kazi. Lakini ikishuka tena, namfuata mama."

Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo, Mama Mvuke anakiri kwamba usiku ule hakupata usingizi. "Nirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunisimanga? Nitampikia nani?"

Mama mkwe naye hakutaka kwenda. "Kwa binti yangu nitakuwa mgeni," anasema. "Mgeni haulizi chumvi iko wapi."

Basi mpishi akazidisha juhudi. Akaongeza maziwa. Akaijaza sahani ya mama mpaka pomoni. Kila jioni mama akala nusu, akaifunika kwa sahani nyingine na kusema neno lile lile: "Nimeshiba."

Nusu hiyo Mama Mvuke hakuigusa. Aliiweka akiba, akaipasha asubuhi, akamwachia mama iwe chakula cha mchana. Sahani moja ikawa inaliwa mara mbili. Kwa maneno ya mama mkwe, ilizunguka humo ndani kama mgeni asiye na pa kulala.

Na yeye mpishi alikula nini? Hapo ndipo penye kisa.

Mwaka huu, bei zilipopanda, pakiti ya tambi ikawa inagawanywa iwe ya siku mbili. Nusu pakiti na robo ya nyama hujaza sahani moja vizuri, au mbili vibaya. Mama Mvuke alichagua moja. Baada ya kupakua alibaki jikoni na kijiko, akikwangua ukoko, yaani lile ganda la unga na tambi linalogandia chini ya sufuria. Mama alipomwuliza, tangu mwezi wa kwanza wa ujane, alijibu: "Mimi napenda ukoko, mama. Ndio utamu wenyewe."

Alidhani mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa kweli, lakini kijiko kina sauti.

"Kwaru, kwaru, kila siku ya Mungu," anasema mama mkwe. "Meno yangu ni sita, lakini masikio yangu yana meno yote."

Kwa hiyo bibi alisema ameshiba ili mkwe ale. Mkwe akasema anapenda ukoko ili bibi ale. Kila mmoja akawa anamwachia mwenzake, na chakula kikawa hakina mwenyewe.

Mwezi uliopita mambo yalifika mwisho. Mama mkwe alipanda mizani ya zahanati, muuguzi akasoma: kilo arobaini na saba.

"Bibi, unakula kweli?"

"Nakula."

"Nampikia kila siku," alisema Mama Mvuke, na anasema sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyeshikwa na mali ya watu.

Mama mkwe hakushuka haraka. Alishika ukuta, akamgeukia muuguzi. "Na huyu naye mpimeni."

Muuguzi akacheka. "Bibi, huyu siye mgonjwa wetu."

"Mpimeni tu. Mizani inachagua?"

Mama Mvuke alivua viatu akapanda, kwa heshima, ili yaishe. Mwanzoni mwa mwaka walipimwa kazini, akawa na kilo sitini na tatu. Mizani ya zahanati ikasimama hamsini na saba.

Bibi alikuwa amepungua kilo nne. Mkwe wake, sita.

"Haya," alisema mama mkwe. "Mgonjwa ni yupi?"

 Muuguzi alichukua kadi ya bibi, na chini kabisa, kwa penseli, akaandika uzito wa pili. "Mwezi ujao mje wote wawili," alisema. "Nitawapima wote wawili."

Nje walikaa kwenye benchi. Hakuna aliyeanza kuondoka.

"Mama, kwa nini unasema umeshiba na hujashiba?"

"Na wewe kwa nini unapenda ukoko?"

"Ukoko mtamu."

"Mtamu siku moja, mwanangu. Si miaka sita."

Kisha bibi akatoa alilokuwa nalo moyoni. Mume wa Mama Mvuke alipokuwa mdogo, dada yake keshaolewa, yai lilikuwa moja na watu wawili. Mama yake, yaani bibi mwenyewe, akamwambia hapendi kiini. Mtoto akakua, akaoa, akapata kazi, na kila alipochemsha mayai alimpa mama yake weupe tu, akiamini anampendeza.

"Mpaka tunamzika hakujua," anasema bibi. "Uongo wa namna yako mimi nimeulea kabla hujazaliwa. Usinifundishe."

Siku hiyo hiyo wakawekeana sheria. Pakiti ya tambi inaingia nzima. Siku mbili za wiki nyama haiji, ni kitunguu, karoti na maziwa tu, lakini sufuria inajaa. Sahani ni moja, kubwa, katikati ya meza. Vijiko viwili, na vinachota kwa mkupuo mmoja, zamu kwa zamu. Ukoko unamwagiwa maziwa kidogo ulainike, unagawanywa pasu kwa pasu.

Wifi ameambiwa yote. Amekubali kusubiri mizani ya mwezi huu, na juzi alipopiga simu, mama yake aliinyakua. "Usiniulize kama nimeshiba. Uliza kama wifi yako kala."

Sasa ni saa moja kasorobo. Sahani iko mezani na mvuke unapanda. Mama Mvuke amekaa, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na magoti yake yametoa mlio ambao wote wawili wamejifanya hawakuusikia.

"Umeruka zamu," anasema mama mkwe.

"Sijaruka, mama. Natafuna."

"Tambi zinatafunwa? Mimi mwenye meno sita nameza, wewe mwenye thelathini na mbili unatafuna? Lete kijiko."

Mama Mvuke anacheka, lakini ni cheko la mtu aliyechoka, linaloishia puani. Kazini ameomba ahamishiwe kwenye kukunja, ambako watu hukaa. Msimamizi amejibu, "Tutaona."

"Tutaona ni neno la waliokaa," anasema. Hata hivyo atauliza tena Jumatatu, na Jumatatu inayofuata.

Kabla ya hapo kuna Ijumaa, siku ya zahanati. Bibi anaitaka kilo arobaini na tisa. Mkwe hana namba. Anataka tu kadi ile iandikwe kwa wino safari hii, majina mawili, na wifi aambiwe akae na amani kwake.

Dawa imemezwa. Sahani imebakiwa na mchuzi pembeni na tambi za kijiko kimoja. Wanaziangalia kama watu wanaopishana mlangoni.

"Mwanangu," anauliza mama mkwe. "Umeshiba?"

Mama Mvuke anafungua mdomo, na neno lile la miaka yote limeshafika kwenye meno. Analirudisha.

"Bado, mama," anasema.

"Hapo sasa," anasema bibi, na kwa kidole kimoja anaisogeza sahani upande wa mkwe wake.