Gari ya viti viwili niliyoinunua Bugene, na chama cha machela cha kwetu Mabira

"Jumamosi 13/3/1993. Ukungu mpaka saa tatu, kisha jua la kuchoma, jioni manyunyu. Leo nimenunua gari."

Ndivyo daftari langu linavyosema. Sentensi ya mwisho niliipigia mstari mara mbili. Nikiiona leo nacheka mwenyewe.

Wakuu wa magari, nawasalimu wote. Mimi huku huwa nasoma tu. Kuandika naona aibu, shule yangu iliishia la saba. Lakini kuna mtu juzi aliuliza kama yupo aliyewahi kumiliki sports car kijijini, nikaona basi niseme. Yaliyomo daftarini nitayaandika yalivyo. Yasiyomo nitawaambia hayamo, maana kichwa changu nacho sikiamini sana.

Nilikuwa dereva wa lori la kahawa. Siku hizo Kyerwa bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe, na kwetu ni Mabira.

Pale Bugene alikaa bwana mmoja mtu wa Muleba, afisa, nimwite Bwana Mutalemwa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kagari alikoachiwa na mhandisi mzungu aliyerudi kwao. Nyekundu, lakini imepauka hadi rangi ya kitunguu. Viti viwili. Paa la turubai la kukunja. Taa za mviringo, rimu za spoku kama baiskeli. Nembo ilishang'olewa, na kwenye kadi jina halisomeki. Fundi wetu alisema "ya Kiingereza hii" akaishia hapo.

Nilikuwa naipita kila nikishusha kahawa. Miaka miwili naipita. Nilikuwa natafuta sababu ya kusimama pale hata nikiwa sina.

Niwe mkweli kwa muuzaji, hakunidanganya hata kimoja. Aliniambia, "Kijana, kabureta inavuja, paa linavuja, handbrake ni pambo. Na gari iko chini. Wewe unatoka Mabira, umefikiri?"

Nikamjibu, "Nimefikiri, mzee, shikamoo."

Shikamoo nilishampa mwanzo. Ndiyo mjue nilivyokuwa nimepagawa. Na sikuwa nimefikiri.

Wakuu, ile safari ya kurudi nayo nyumbani! Lori unaliomba kona, linatafakari, halafu linakuja. Hii ukiiwaza kona tayari imeshaingia. Gia fupi kama mpini wa kisu, inaingia kwa vidole viwili. Usukani unakuambia kila jiwe. Ni nyepesi mpaka upepo wa mlimani unaisukuma, na mimi nimekaa shubiri mbili tu kutoka kwenye barabara ya murram, natabasamu peke yangu, meno yote vumbi.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena kwenye usukani. Na nimeendesha magari mengi.

Nikafika nyumbani. Mke wangu, Mama Eda, alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikuwa nimemwambia nanunua gari. Viti viwili sikumwambia. Sikumficha, au labda nilimficha, hapo sijielewi mpaka leo.

Akaizunguka mara moja. Akasema, "Baba Eda, hii ni gari au ni kiatu?"

"Gari."

"Eda atakaa wapi?"

"Katikati."

"Katikati kuna hicho kijiti."

"Ni gia hiyo."

"Basi mtoto atakaa juu ya gia. Na ndizi?"

Akaingia ndani.

Sasa niwaeleze jambo, maana wengine mmezaliwa mjini. Kijijini kwetu hakukuwa na gari la wagonjwa. Tulikuwa na chama cha machela. Mtu akizidiwa linapigwa baragumu, kila nyumba inatoa mwanaume, mnambeba kwa zamu, wanne wanne, hadi hospitali ya misheni. Hubebi, wa kwako hawabebwi. Sheria ilikuwa hiyo tu na ilitosha.

Mimi kwa ajili ya hiyo gari nilikosa zamu mbili. Moja nilikuwa Bugene naihangaikia, nyingine nilikuwa chini yake na kabureta mkononi. Baragumu nililisikia. Siwezi kusema sikulisikia.

Jumapili iliyofuata baada ya ibada chama kikaniita. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rutabana, mtu mnyoofu, mkali kama pilipili kichaa.

Akasema, "Mwenye gari wa kwanza katika kitongoji hiki, tulidhani Mungu ametukumbuka. Kumbe umekwenda kutafuta gari ambayo mgonjwa hawezi kulala. Katika magari yote ya dunia, umechagua ya kumkwepa mgonjwa!"

Watu wakacheka. Filberi, kibarua mwenye asili ya Burundi na fundi wa maneno, akadakia, "Mzee, mgonjwa anaweza kulala, ila miguu itangulie hospitali kwanza."

Mimi sikucheka. Nikapewa mwezi mmoja: niiuze nitafute pikapu, au jina langu lifutwe.

Hesabuni wenyewe. Mke ana mimba, na ya Eda ilimsumbua hadi akabebwa. Nikifutwa, siku yake ikifika nani atanyanyua mti wa machela? Usiku ule sikuandika kitu daftarini zaidi ya tarehe.

Nikatangaza kuiuza. Nani anunue? Bwana Mutalemwa alinihurumia lakini akasema hapana.

Wiki ya tatu ya ule mwezi, saa nne asubuhi, baragumu likalia. Nyoka, moma, kamgonga mtu mguuni shambani kwake, alikuwa anatandaza nyasi migombani. Nikakimbia. Nafika, ni Mzee Rutabana mwenyewe.

Machela ipo tayari. Lakini kwa miguu ni mchana mzima, na mguu unavimba tunauona. Nikasema kwa sauti ya chini, "Anaweza kukaa. Nina gari."

Mzee akasema, "Mimi siingii kwenye kile kiatu."

Kumbe neno la mke wangu lilishafika kijiji kizima.

Filberi akamwambia, "Mzee, sumu haijui kama una msimamo."

"Na nikifia humo mtasema nini?"

"Tutasema ulikufa kisasa."

Akaingia. Wenzetu kumi na wawili wakachukua machela tupu wakashuka kwa njia za mkato, maana barabara inazunguka mlima wote. Walisema tukikwama watatupokea.

Nikaendesha, wakuu, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia hata kwenye mtihani wa leseni. Mzee amefumba macho, ameshika dashibodi. Mara moja tu alifumbua, kwenye mteremko mmoja wenye kona tatu, akasema, "Mbona inapaa?" Nikasema, "Ndivyo ilivyo, mzee." Kisha akasema, "Mh."

Ile mh ilinifurahisha, na nikajilaumu kwa kufurahi.

Bondeni kwenye kinamasi cha mafunjo, tope. Gari ikalalia tumbo. Tairi zinazunguka hewani. Nikazima injini nikaona nimemuua mwenyekiti.

Dakika chache wenzetu wakatokea wanahema, wakaweka machela pembeni. Hapo ukazuka ubishi. Kwetu mgonjwa akishanyanyuliwa habadilishiwi chombo wala hawekwi chini mpaka mlango wa hospitali. Wanasema ukimshusha njiani unamzoesha ardhi. Na huyu ndiye mwenyekiti aliyekuwa akiwatoza faini waliovunja hiyo sheria!

Mmoja akasema, "Mtoeni, hii siyo machela."

Mwingine, "Ameketi, amebebwa, ni machela."

Mzee Rutabana akatoa kichwa nje, jasho linamtoka. "Sishuki! Mimi sheria naijua. Nyanyueni."

"Nini, mzee?"

"Chombo!"

Wakachomoa miti ya machela wakaipitisha chini ya bodi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mimi nikashuka nikashika kona ya nyuma kulia. Filberi akaita kama tunavyoitaga mlimani, "Moja, mbili, badili!" Gari ikanyanyuka, na mzee ndani yake kama mfalme. Daftari linasema hatua ishirini. Filberi mpaka leo anasema hamsini, anazidisha.

Ng'ambo ya tope tuliishusha juu ya tairi zake, mzee akiwa ndani, nikawasha, tukafika. Alidungwa sindano, akapona, ila mguu ulichukua miezi.

Mnadhani nilisamehewa pale pale? Jumapili wakabishana. Mmoja akasema, "Gari haikumbeba, sisi tuliibeba gari." Na kwa haki kabisa, wakuu, hoja hiyo sijawahi kuipatia jibu.

Ukaja ujumbe wa mzee kutoka kitandani hospitali: gari isiuzwe, iandikwe daftari la chama kama machela ya wanaoweza kukaa. Mwenye nayo abebe kwa miguu zamu zake kama wengine, na kwa zile mbili alizokosa atoe pombe ya rubisi. Nikatoa, mtungi mkubwa.

Mwezi wa sita, asubuhi, Mama Eda akashikwa na uchungu. Nikakimbia kuwasha gari. Nikaipangusa hadi kiti.

Akasimama mlangoni akasema, "Baba Eda, mimi nataka kulala. Piga baragumu."

Nikalipiga. Walikuja wote. Nami nikashika mti wa mbele kushoto, wala zamu yangu sikuachia mpaka tulipovuka mafunjo, na yeye kutoka juu ananiambia, "Punguza mwendo, hii siyo gari yako." Bega hili lina alama.

Alizaliwa mtoto wa kiume, salama.

Nilichojifunza: ukipenda gari ipende, lakini kabla hujalipa waulize watakaokaa, na wasio na pa kukaa. Ya kwangu niliiendesha miaka mitano zaidi na sijutii.

Naomba maoni. Wajuzi, hiyo ni gari gani kwa maelezo hayo? Na ile hoja ya nani alimbeba nani, mnaonaje?

Kesho yake baada ya mtoto kuzaliwa, niliporudi nyumbani, daftari linamalizia hivi: "Jua siku nzima. Mama Eda kabaki hospitali. Nyumbani tumekula mimi, Eda na bibi yake: ndizi na maharage, na samaki mkavu aliyemleta Mzee Rutabana akitembea kwa fimbo yake. Eda kala mara mbili."