Sahihi ya Kinyozi

Eudald alikuwa kinyozi wa kijiji chetu cha Puigsec, huko Katalunya. Siasa hakuwa nayo, ila ile anayoisikia mtu akiwa ameshika wembe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza watu walificha sarafu, za fedha kwanza, kisha hata za shaba, mpaka mkate ukakosa chenji. Baraza la kijiji, lililokuwa upande wa Jamhuri, likachapisha karatasi zake za senti hamsini. Kwa kuwa Eudald alikuwa na mwandiko mzuri, akaombwa atie sahihi. Alisaini moja moja, vidole vikamvimba.

Mwaka wa tatu wa vita, habari zikafika kwamba jeshi la upande wa pili limevuka mto. Karatasi zile zikawa hazinunui hata kitunguu.

"Jina lako limo chini ya muhuri wa Jamhuri," mkewe Tecla alimwambia. "Kimbia, mume wangu. Ufaransa si mbali."

"Nimkimbie nani? Wa huku na wa kule, wote nimewanyoa."

Basi Tecla akabeba kapu la mayai, akapita nyumba hadi nyumba akiyabadilisha kwa karatasi zile.

"Shoga, njaa imekupanda kichwani?" tulimcheka. "Mayai kwa takataka?"

"Nipeni tu, nawashia moto."

Kweli alizichoma. Lakini Ramona, mwoka mikate, alikuwa nazo sanduku zima, akakataa katakata.

"Vita vizima nimeuza mkate kwa karatasi hizi. Serikali mpya itanilipa."

"Ramona, jina la Eudald limo humo."

"Na jasho langu limo humo."

Wanajeshi walipoingia, Ramona alilipeleka sanduku mwenyewe. Ofisa hakumpa kitu. Alisoma tu, akauliza, "Huyu Eudald anakaa wapi?" Ramona akanyoosha kidole.

Walimchukua akiwa kazini. Mteja wake alirudi nyumbani na povu kwenye shavu moja.

Kila wiki Tecla alipeleka nguo safi gerezani mjini. Mwezi wa Mei askari akamrudishia furushi lake bila kulifungua. "Rudi nazo, mama. Hana haja nazo tena."

Tanuri la mkate kijijini lilikuwa moja tu. Kesho yake Tecla alipanga foleni pamoja nasi. Ramona alimpa mkate.

"Nilidhani watamdai pesa tu, Tecla. Haki ya Mungu nilidhani hivyo."

Tecla akalipa, akatoka. Hakumjibu siku ile, wala siku nyingine yoyote, hadi tulipomzika Tecla mwenyewe.