Ngoma ya Wasike

Jirani yetu hapa Walukuba, Wasike, alifanya kazi kiwandani, lakini moyo wake ulikuwa kwa vitu vya zamani. Kila akienda kwao Mbale alirudi na kitu: kibuyu, kigoda, njuga za chuma za vijana wa jando. Ngoma ya babu yake hakumruhusu hata mkewe Beldina aipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Mwaka mmoja serikali ilikataza mikutano. Jumamosi moja wanajeshi wakaanza kupekua nyumba za mstari wetu. Nilikuwa kwa Beldina, namnyonyesha mwanangu.

“Wakiipiga ikalia, watasema naita watu mkutanoni,” Wasike alisema. Akachukua kisu akaichana ngozi ya ngoma.

Mwanajeshi alipoingia akaipiga. Ikatoa sauti ya debe bovu.

“Mzee, takataka hii unaweka ya nini?”

“Takataka tu, afande.”

Akacheka, akabeba kigoda, akatoka.

Wasike hakuketi mpaka gari lao lilipoondoka. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kule kwetu Mafubira bado yupo mtu anayejua kuwamba ngoma.